Hilux Iliyokuwa Zambia

Ieleweke kwa wananchi wote wa Ifakara, na kwa wale wa bondeni ambao spika haikuwafikia kwa sababu ya mvua, kwamba tatizo la magari ya kigeni limekwisha. Kuanzia sasa, gari lolote lenye namba ya nchi nyingine linahesabika kuwa liko katika nchi hiyo, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, hata kama limeegeshwa sokoni na kuku wamelala uvunguni.

Tamko hilo alilitunga Bwana Fridolin, Mkuu wa Kitengo cha Vyombo Vigeni. Lilimjia kwenye semina Morogoro, katikati ya chai na chakula cha mchana, na tangu siku hiyo akawa anatembea polepole kama aliyebeba mayai. Mawakala wa bima walikuwa wamemchosha. Kila mara swali lile lile: mtu amehamia na gari lake kutoka nje, tumkatie bima au tusimkatie? Sasa jibu lilipatikana. Gari ambalo halipo nchini litakatiwaje bima ya nchini? Kitengo kikafunga mwaka bila jalada hata moja mezani, na wakubwa mkoani wakakipongeza kwa kasi ya utendaji.

Basi asubuhi moja akaingia Aurelia. Huyu ni mzaliwa wa kijiji cha Mofu, aliyeuguza wagonjwa wa watu huko Kasama, Zambia, mpaka mvi zikaanza kumchungulia, kisha akafunga virago na kurudi kwao na Hilux yake kuukuu.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, dada. Karibu Kitengo."

"Nimetoka kwa wakala wa bima. Anasema hanikatii bila muhuri wako. Gari langu lina namba ya Zambia, nimehamia nalo nyumbani."

"Gari lipi hilo?"

"Lile pale, chini ya dirisha lako."

Fridolin akainuka, akachungulia. Aliliona vizuri tu. Hakuwa kipofu, alikuwa mtumishi wa umma.

"Dada yangu, lile liko Zambia."

"Nimelipaki mwenyewe, mkuu. Injini bado ina moto."

"Itapoa huko huko Zambia."

Aurelia akaeleza shida yake. Madaktari wa macho kutoka Dar walikuwa hospitali ya hapo Ifakara, na leo ndiyo siku yao ya mwisho. Mama yake, bibi Yosefina, yuko Mofu na mtoto wa jicho amemziba pande zote mbili. Tangu binti arudi, mama hajamwona. Anampapasa usoni kwa vidole na kuuliza kama amekonda. Nyonga yake mbovu, bodaboda hapandi, na basi limesimamisha safari kwa sababu ya tope. Bima ya Zambia Aurelia anayo, na haijaisha, ila ni ya kutembelea ndani ya Zambia tu. Akikutana na askari, gari litalala kituoni na mama atabaki na giza lake.

Fridolin aliguswa. Tusimwonee, huruma alikuwa nayo, ila haikuwa imetengewa fungu mwaka huo.

"Pole sana," alisema. "Msalimie mama."

Hapo simu ikalia. Alikuwa Bi Mwanabaraka, bosi wake wa mkoani, ambaye tayari yuko Mofu kuzindua bango la Kitengo. Wanakijiji wamekaa, ngoma imeshapigwa, na mwenye bango haonekani. Fridolin akasema yuko njiani. Gari la Kitengo lilikuwa gereji tangu Pasaka, na dereva wake alishaanza kufuga bata. Akalirudia dirisha, akalitazama lile gari lisilokuwepo kwa muda mrefu kidogo.

"Umesema unakwenda Mofu, dada Aurelia?"

"Mofu, mkuu."

"Kitengo kitalikagua gari lako likiwa kwenye mwendo."

"Na muhuri?"

"Muhuri ni mchakato. Tangulia ukawashe."

Wakaondoka, Fridolin kiti cha mbele, koti limekunjwa mapajani. Nje kidogo ya mji, askari mmoja wa usalama barabarani, jina lake Siwema, akanyoosha mkono. Aliipokea kadi ya bima, akaigeuza huku na huku.

"Hii inaishia Zambia, dada. Weka gari pembeni, nipe funguo."

Aurelia hakutoa funguo. Aliung'ang'ania usukani, maana aliona kabisa madaktari wakifunga mabegi yao. Fridolin naye aliona bango likizinduliwa bila yeye. Akashusha kioo.

"Afande, mimi ndiye Fridolin wa Vyombo Vigeni. Tamko letu umelisikia?"

"Nimelisikia, mkuu. Spika ilipita hapa hapa."

"Gari hili liko wapi?"

Siwema akayatazama matairi yalivyozama kwenye tope la Ifakara.

"Liko Zambia, mkuu."

"Na bima hii inafanya kazi wapi?"

"Zambia."

"Sasa unazuia nini?"

Siwema akafikiri. Ni askari anayependa kuelewa amri kabla hajaitii, tabia ambayo imemchelewesha cheo.

"Na wewe mkuu, uliyekaa humo?"

"Pamoja na vyote vilivyomo. Tamko halibagui."

"Basi safari njema huko mliko," alisema Siwema, akapiga saluti.

Walikwenda hadi mashamba ya mpunga yalipoanza. Kisha Aurelia akauliza taratibu, "Kwa hiyo, mkuu, bima ninayo?"

"Unayo tangu mwanzo. Serikali haimnyimi mtu haki yake."

Mofu palikuwa na turubai, viti vya plastiki, na bango limefunikwa kitenge. Bango lilipiga marufuku magari ya kigeni kuegeshwa kijijini, ambako gari la kigeni pekee lililowahi kufika ni Hilux hiyo hiyo iliyomshusha Fridolin. Aurelia akapitiliza kwa mama yake.

"Shikamoo, mheshimiwa," Fridolin alimwamkia Bi Mwanabaraka, ambaye kwa umri ni mtoto wake wa kumzaa kabisa.

"Marahaba," alijibu Mwanabaraka, akiendelea kuchambua perege wake.

Fridolin hakungoja kuulizwa. Akamsimulia bosi ushindi wa Tamko pale barabarani, mwanzo hadi mwisho. Mwanabaraka akaacha kula.

"Kwa hiyo askari amekubali kwamba gari liko Zambia."

"Kwa saluti, mheshimiwa."

"Na wewe ulikuwa ndani."

"Kiti cha mbele."

"Zambia."

"Kisheria, ndiyo."

Mwanabaraka akanawa mikono polepole. "Kibali chako cha kusafiri nje ya nchi nilikisaini lini?"

Fridolin akapiga hesabu. Angesema alikuwa Tanzania, Tamko lingekufa, na pongezi za mkoa, ambazo alizisaini mama huyu huyu, zingekufa nalo. Angesema alikuwa Zambia, basi ametoroka kazini na kuvuka mpaka bila ruhusa. Tamko alilipenda kama mwanawe.

"Nilikuwa Zambia," alisema.

"Umerudi lini?"

"Niliposhuka."

"Uaminifu wako naupenda," alisema Mwanabaraka. "Msaidizi wako Nassib atakaimu Kitengo wakati suala lako linashughulikiwa."

Bango likazinduliwa, makofi yakapigwa. Fridolin akaomba lifti ya kurudi mjini, lakini gari la bosi lilikuwa limejaa magunia ya mchele ambao wananchi walikuwa wamehamasishwa kuutoa kwa hiari. Mvua ikaanza upya. Hapo ndipo Hilux ikarudi, bibi Yosefina ameketi mbele amejifunga khanga mbili, na Aurelia akasimama.

"Panda, mkuu. Nyuma nafasi ipo."

Fridolin akakamata kitasa. Upande wa pili wa barabara, Mwanabaraka akashusha kioo cha gari lake ili aone vizuri. Fridolin akakiachia kitasa, akarudi nyuma hatua moja kwenye dimbwi.

"Nashukuru, dada. Siruhusiwi kusafiri."

"Nani huyo anayelowa, mwanangu?" aliuliza bibi Yosefina.

"Ni mtu wa serikali, mama. Anabaki nchini."

Akakanyaga mafuta. Siwema aliwaona kwa mbali, akaisimamisha barabara nzima ili Zambia ipite, na walipofika hospitali madaktari walikuwa hawajavua makoti. Fridolin alifika Ifakara kesho kutwa yake, kwa miguu, kwa njia za ndani ya nchi.