Vita vya Lango Lililokataa Kushuka

Njooni, enyi nyote mliowahi kugombana na kifaa kikawashinda! Sogezeni viti, zimeni redio, msikie habari za Mama Pacha, Mshika Rimoti, Mpiga Magoti Asiyerudi Nyuma, na asubuhi aliyopambana na lango la gereji ya nyumbani kwake hadi likatii.

Lango hilo lilikuwa la bati zito, likipandishwa na kushushwa kwa mota. Miguuni pake, chini ya shubiri moja kutoka sakafuni, marehemu mumewe alikuwa ameweka walinzi wawili: macho madogo yatazamanayo, moja kulia, moja kushoto. La kulia hurusha mwali usioonekana. La kushoto huupokea, na likishaupokea huwasha kitaa cha kijani kusema njia nyeupe. Mwali ukikatwa na chochote, uwe mguu wa mtu au mkia wa paka, lango husita, hutetemeka, kisha hurudi juu. Hawali, hawalali, walinzi hao.

Asubuhi hiyo Mama Pacha akabonyeza rimoti. Lango likashuka kidogo, likarudi juu. Akabonyeza tena, likarudi tena, kama mbuzi aliyeona maji.

Ndipo akaitwa Shemeji, mdogo wa marehemu, mchomeleaji wa vyuma, Bwana wa Cheche, Kiboko ya Makufuli. Akaja na ngazi, nyundo na maneno mengi. Akapanda, akazipaka reli grisi, akaigonga mota, akaitukana, akashuka ametota jasho kana kwamba alilibeba lango lenyewe mgongoni.

"Shemeji yangu," akanena, mikono kiunoni, "adui nimemjua! Ni haya macho. Yamezeeka, yanaona mambo yasiyokuwepo. Niache niyang'oe, lango lishuke kama zamani."

"Kama zamani lilipomkata paka mkia?" akajibu Mama Pacha. "Jumapili mjukuu anakuja, na sasa anatambaa. Kaka yako aliyafunga haya kwa mikono yake. Ukiyang'oa, uning'oe na mimi."

"Nikung'oe wewe? Winchi nitaitoa wapi?"

"Koma! Nimekufuta makamasi mimi."

Shemeji akacheka, lakini koleo lilikuwa tayari mkononi. "Haya, umeweka chai jikoni. Nakupa mpaka birika lilie. Likilia, nakata."

Mama Pacha akabaki peke yake uwanjani, hana ngao wala fundi. Akakumbuka maneno ya mumewe, aliyekuwa akisema huku akiyafuta macho yale kwa pindo la shati: "Lango likikataa, usilipige. Liulize linamwona nani."

Basi shujaa akakunja kanga, akapiga magoti kwenye saruji, magoti yakalia kama bawaba kavu. Akatazama jicho la kulia: linawaka. Akatazama la kushoto: giza tupu. Akalaza shavu karibu na sakafu, akaufuata kwa jicho lake mwali asiouona, na mwisho wa safari akakuta raba. Buti za mvua za mumewe.

Siku zote zilikaa nyuma ya nguzo, vidole ukutani. Jana yake jioni, lango likiwa limeshafungwa, Mama Pacha alikuwa ameziosha tope kwa mara ya kwanza tangu msiba, akazisogeza mbele, akazigeuza zitazame barabara, zipendeze, kama mtu anayetoka kwenda kazini. Na shingo ya buti moja ilikuwa imeliziba jicho. Shemeji alikuwa amezipita asubuhi nzima. Hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa.

Shemeji, aliyekuwa akimtazama kutoka kando, akashusha koleo. "Kumbe halijaharibika," akasema taratibu. "Linamwona kaka amesimama mlangoni."

"Ndiyo tabia yake," akasema Mama Pacha, akicheka na kujifuta macho. "Anaaga, halafu anasimama hapo nusu saa anapiga soga." Akazishika buti kwa mikono miwili. "Baba Pacha, sogea kidogo, baba. Tunafunga."

Akazirudisha nyuma ya nguzo. Kitaa cha kijani kikawaka. Akabonyeza, na lango, lile lile lililomshinda Bwana wa Cheche, likashuka polepole kwa heshima zote, likabusu sakafu. Wakati uo huo birika jikoni likapiga mbiu ya ushindi.

Basi na isimuliwe kwa watakaozaliwa, na kwa yule anayetambaa: siku hiyo macho hayakung'olewa, lango lilifungwa, wala hakuna wa nyumba ile aliyeachwa nje.