Kofia ya Dirisha la Magharibi

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Leo nimezaliwa upya! Mwalimu Mkuu wa sekondari ya wasichana ametangaza kwamba ukuta wa magharibi wa jengo la madarasa lazima uwekewe kinga ya jua, kwa nje, madirisha yote kumi na manane, kabla ya mitihani ya Novemba. Wiki iliyopita wanafunzi wawili walizimia katikati ya kemia. Mapazia yamejaribiwa. Mapazia yameshindwa.

Kila fundi anayetaka kazi afunge kinga moja ya majaribio kwenye dirisha la ghorofa ya chini, lolote atakalo. Jumatatu ijayo, saa kumi alasiri, Mwalimu Mkuu ataketi ndani na kipimajoto. Atakayempoza ndiye mshindi.

Tumejitokeza wawili tu. Mimi, fundi madirisha kwa miaka ishirini na miwili sasa. Na Pembe. Pembe! Huyu alijifunza kazi kwangu siku nne, akaaga, eti anakwenda kusomea ujenzi. Kusoma nini? Bati halina herufi. Sasa amerudi na miwani, na kifaa cha kupimia pembe kinamning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Ndiko lilikotoka jina.

Kuna pia jambo la kifamilia. Mke wangu anafundisha jiografia kwenye jengo hilo hilo, ghorofa ya kwanza, upande huo huo. Kila jioni anarudi kichwa kinamgonga. Anajilaza na kitambaa cha maji usoni mpaka giza liingie. Nimemwambia avumilie wiki moja, mumewe anakuja kumwokoa. Akajibu, kutoka chini ya kitambaa, kwamba hilo ndilo linalomtia hofu.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Vipimo vimekamilika. Dakika kumi! Nilifika shuleni saa sita kamili mchana, na shemeji yangu nyuma akibeba ufagio na kipande cha boksi. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, fundi wa kupaka rangi, alikuja kwetu kwa siku tatu mwaka juzi. Nikamwambia ainue boksi juu ya dirisha kwa ufagio. Lo! Dirisha lote kivulini, kuanzia kichwa hadi kizingiti. Uzuri wa kulia machozi.

Basi mpango ni huu: bati moja, pana mita moja, limeinama mbele kidogo kama kofia ya mlinzi. Kofia ya Dirisha! Mtu akitoka juani anavaa nini? Kofia. Na dirisha ni mtu wa nyumba. Nashangaa dunia ilikuwa inasubiri nini.

Wakati wa chakula mke wangu akauliza nimepima saa ngapi. Nikamwambia. Akasema wasichana wake wanaiva saa kumi, si saa sita, kwa hiyo nirudi saa kumi. Saa kumi huwa nimelala, na anajua. Nikamwambia kwa upole kwamba jua ni lile lile.

"Jua ni lile lile," akasema, "mahali ndipo si pale pale."

Walimu wana maneno.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Nimekwenda kupeleleza. Nilijibanza nyuma ya ua wa shule, wa mchongoma, haufai kwa kazi hiyo.

Pembe kachomeka fimbo uwanjani. Fimbo tu! Kila saa anachora kwa chaki pale kivuli kilipoishia. Mtu mzima, ana digrii, anacheza na kivuli. Nikacheka mpaka miiba ikanikumbusha nilipo. Kisha kicheko kikakatika. Kulikuwa na wasichana kama thelathini wamemzunguka na madaftari, na aliyeshika chaki alikuwa mke wangu. Mke wangu! Wa ndoa!

Walipoingia kula nikasogea kwenye benchi alipoacha karatasi zake na kufungua mchoro wa adui. Nilitarajia siri. Nikakuta vibao virefu vimesimama wima mbele ya dirisha, vimegeuka upande kidogo, kama vitabu rafuni. Wima! Nani amewahi kuona kivuli cha kusimama? Mwavuli unalala juu. Paa linalala juu. Mti wenyewe umetandaza matawi juu. Nikageuza karatasi, vibao vikalala, nikamwelewa. Maskini, ameshika karatasi kiubavu tangu mwanzo na hakuna aliyemwambia.

Hata hivyo, adui si wa kudharau. Kabla ya kuondoka nikang'oa ile fimbo na kuichomeka hatua moja kando. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Hatari. Mke wangu amerudi kachangamka, macho yanawaka. Kasema vivuli vya leo havigusi chaki za jana hata kimoja. Kasema wasichana wamejadili kipindi kizima. Mmoja anashikilia kwamba dunia imeruka. Mwingine anataka kuliandikia gazeti. Nikatafuna polepole, nikasema dunia ina mambo.

"Ina mambo kweli," akasema. "Na inavaa ndara. Ya kushoto imekatika kisigino."

Shemeji akainama akachungulia chini ya meza, kwenye miguu yangu. Hakuna aliyemwomba.

Nimejitetea kwamba mchezo ni vita. Akasema Pembe hakukasirika, ameirudisha fimbo mahali pake na kuwaambia wasichana wafute, waanze upya, ndiyo sayansi. Akaongeza kwamba amenisalimia. Kanisalimia! Sijawahi kutukanwa hivyo.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Kofia imezaliwa. Nimekata, nimekunja, nimepiga ribiti kwa mkono wangu. Shemeji alitaka kuipaka rangi nyeupe isiyong'aa, akidai bati tupu linaumiza macho. Mpaka rangi atasema nini kingine? Nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka nikaona nywele za pua yangu humo. Mwamuzi ni mwanamke mwenye cheo. Apewe kitu kinachong'aa.

Halafu likanijia wazo kubwa kuliko yote. Pembe amefunga vibao vyake kwenye chumba cha ramani, mwisho wa jengo. Mimi kwa nini nifunge stoo? Si tumeambiwa dirisha lolote la chini? Nitafunga kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu mwenyewe! Apimie kitini pake, akiwa na chai yake. Moyo wa mtu uko pale anapokaa.

Tumefunga leo mchana, shule tupu. Imekaa kama tai juu ya mwamba. Darasa la mke wangu liko juu yake hasa. Nikaona fahari, kwamba atachungulia chini kila saa na kuona kazi ya mumewe.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Siku nzima mawingu. Nimetunga hotuba ya ushindi. Kurasa nne. Shemeji amelia kwenye ukurasa wa pili, ingawa anadai ni kitunguu.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Saa nane unusu kila kitu shwari. Nimevaa suti. Mwalimu Mkuu yuko mezani kwake, kipimajoto mbele yake, uso mtulivu. Kivuli kinamfunika kama shuka. Nikamtazama Pembe uwanjani. Akaitazama saa yake, akanitolea tabasamu la huruma. Nikadhani ni la kushindwa.

Saa tisa unusu jua likaanza kushuka. Sikuwahi kuliona likishuka, naapa. Likafika usawa wa ukingo wa kofia. Likainama. Likapita chini yake taratibu, kama paka anayepita chini ya meza, likapanda mezani, likanywa chai, likamkalia Mwalimu Mkuu usoni. Akasogeza kiti kushoto. Jua nalo kushoto. Akasogeza kulia. Nikamnong'oneza kupitia dirishani kwamba akiinama kidogo chini ya meza atapata kivuli kizuri sana. Hakuinama.

Hapo zikasikika kelele juu. Si kelele, mayowe! Madawati yanaburutwa. Nikainua macho. Kofia yangu, ile niliyoisugua kwa majivu na ndimu, ilikuwa imelipokea jua lote la alasiri mgongoni na kulirusha juu, moja kwa moja, kwenye darasa la jiografia. Dari lao lilikuwa linawaka kama ukumbi wa harusi. Wasichana wameweka madaftari vichwani. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na safu ya milima waliyoifinyanga kwa nta mwezi mzima, ya kuonyeshwa kwa mkaguzi. Nikaiona ikilainika kilele kwa kilele. Mlima wa mwisho ukapinda kiuno, ukachuruzika, tone la kwanza likaniangukia begani. Suti ya harusi yangu.

Mke wangu akatokeza dirishani, mkono mmoja umekinga macho.

"Mume wangu! Jua moja halikututosha?"

Uwanja mzima ukacheka. Nami ningecheka, lakini niliuona uso wake. Alikuwa mwekundu wa macho, mishipa ya kichwa imesimama, na nyuma yake msichana mmoja amekaa sakafuni anapepewa kwa daftari. Nikapanda ngazi. Sijui nani alinipa nyundo. Nikaing'oa ile kofia kwa mikono yangu, ikiwa ya moto kama kikaango, nikaungua vidole vitatu. Sikuhisi mpaka nilipofika chini.

Kisha tukaenda wote chumba cha ramani. Baridi! Vibao vimesimama wima, vimegeuka ubavu. Jua linakuja chinichini kutoka magharibi, linagonga ubavu wa kibao, linarudi lilikotoka. Na katikati ya vibao unaona uwanja, unaona mti, unaona mpira. Kipimajoto kikasoma nyuzi sita chini ya ofisini. Mwalimu Mkuu akaomba aachwe humo peke yake dakika tano.

Kurasa nne za hotuba zimebaki mfukoni.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Vidole vimefungwa. Mke wangu ndiye aliyevifunga, vizuri kuliko nilivyostahili. Nikamwambia nilitaka tu arudi nyumbani bila kile kitambaa. Akasema anajua. Akasema laiti ningelala mapema nikaamka saa kumi.

Mchana Pembe kabisha hodi karakana. Nikajiandaa kuchekwa. Akavua miwani, akaniamkia, akaniita mwalimu wake. Kasema yeye anajua jua linapita wapi, lakini hajui kukunja bati likanyooka, na zile siku nne hakuwahi kuona mkono kama wangu. Bado madirisha kumi na saba, mitihani wiki tatu. Je, nitavitengeneza vibao vyake?

Nikamwambia nitalifikiria. Nikafikiria mpaka alipofika mlangoni. Nikamwita.

Akaomba neno moja tu: vibao vipakwe rangi isiyong'aa. Shemeji akasimama kama mtu aliyeitwa mbinguni.

Ijumaa, tarehe 24 Oktoba

Tumemaliza! Madirisha kumi na manane, vibao mia moja na themanini, hakuna kilichopinda hata upana wa ukucha. Pembe alipita na kifaa chake kibao kwa kibao, akakosa la kusahihisha. Nilimfuata nyuma nikimwonyesha pale pa kukosa la kusahihisha.

Saa kumi nikapanda darasani kwa mke wangu. Sijawahi kuingia humo saa hiyo, saa ya usingizi wangu. Wasichana wameinamia vitabu, hakuna anayejipepea. Wanafinyanga milima upya, kwa udongo safari hii. Mke wangu anachora mito ubaoni na anaimba kidogo, bila kujua kwamba anaimba. Jioni amepika, amebisha na nduguye, amenitania. Kitambaa kimekauka kambani.

Nimekwenda uani nikasimama kidogo. Vumbi liliniingia machoni.

Jumanne, tarehe 28 Oktoba

Sifa zimeenea mji mzima! Kliniki ya meno wameniita. Wameniita mimi, si Pembe! Wanataka kinga ya jua kwenye madirisha yao.

Sijamwambia Pembe. Ana kazi nyingi, kijana wa watu. Tena siri yake yote ninayo: wima. Wima imeshinda magharibi, itashinda popote. Sikuona haja ya kwenda kulikagua jengo, jengo ni jengo. Nimekata vibao vya wima usiku na mchana.

Mke wangu akauliza madirisha ya kliniki yanatazama wapi. Shemeji, ambaye hajui kunyamaza, akamweleza kwamba ni kusini. Mke wangu akasema ala, upande huo jua linapita juu juu saa za mchana, litashuka katikati ya vibao kama mvua. Hapo ndipo hasa pa kuweka kofia. Kofia! Baada ya yote yaliyotupata! Nikamtazama kwa huruma. Watu wengine hawajifunzi.

Tumeanza leo asubuhi. Ukuta ni mwembamba kuliko nilivyokadiria kutoka nyumbani. Mashimo matano yametoka vizuri. La sita limetokezea ndani, juu ya kiti cha matibabu, na keekee yangu ikachungulia chumbani ikizunguka. Nikasikia yowe. Nikamwomba radhi mgonjwa kupitia tundu.

Mgonjwa akajibu kwamba yeye hana neno. Aliyepiga yowe ni daktari.