Njegere Mita Sabini na Tano kutoka Kwenye Beseni

Jumatatu, 5 Mei
Asubuhi mawingu mepesi, upepo kutoka upande wa jalala. Nguo za jana bado mbichi kambani.

Nimepigwa na butwaa. Mkuu wa shule kaniita saa mbili na robo na kuniambia, huku anakoroga chai yake, kwamba masjala inafungwa mwisho wa mwezi. Mafaili yote yanaingizwa kwenye kompyuta. Miaka kumi na moja nimeyapanga kwa herufi, kwa mwaka na kwa rangi! Nikauliza mimi naingizwa wapi. Akasema stoo ya jikoni kuna nafasi. Stoo ya jikoni! Mimi na magunia! Mimi na panya!

Akaongeza kuwa ipo nafasi nyingine. Shule imepewa darubini. Itakaa chumba cha juu, kile chenye madirisha pande mbili na kufuli jipya. Inatafutiwa mtunzaji. Jumatatu ijayo jioni wazazi watakuja kuiona, na mfanyakazi yeyote anaweza kuwaonyesha anachojua kuhusu anga. Atakayemridhisha Mkuu atapewa ufunguo.

Sayari zote nane nazijua kwa kichwa tangu sekondari. Ufunguo ni wangu.

Hatari ni moja tu: Wifi. Mke wa kaka yangu ni fundi wa maabara hapahapa shuleni. Ana koti jeupe. Ana kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Tangazo la Mkuu lilipoletwa kwangu nilisambaze, nakala ya maabara ikaangukia, bahati mbaya, ndani ya faili la Mabomba ya Choo.

Saa tisa Wifi kapita mlangoni kunieleza habari za darubini. Mkuu alishamsimulia kwenye foleni ya chai! Akauliza kama nitashiriki. Nikasema sina muda wa mambo ya nyota. Akasema nijaribu, "una mkono wa kupima, wifi yangu." Ananichimba huyo. Mimi simo.

Jumanne, 6 Mei
Jua kali tangu saa moja. Nguo zimekauka.

Mpango nimeupata. Wengine watachora sayari kwenye karatasi ya manila, zimebanana kama vikombe kabatini. Mimi nitaziweka kwa kipimo cha kweli. Beseni jekundu la Mama la kufulia lina upana wa sentimita sabini: hilo ni jua. Sentimita moja iwe kilomita elfu ishirini. Nikapiga hesabu. Nikairudia. Nikanawa uso, nikairudia tena.

Dunia ni njegere! Bahari zote, milima yote, shule, masjala, Wifi na koti lake: njegere moja, tena changa. Mwezi ni punje ya ulezi, sentimita kumi na tisa kando yake. Na kutoka beseni hadi njegere ni mita sabini na tano. Nikaegemeza beseni kwenye bomba letu la maji, nikahesabu hatua hadi mbele ya duka la vifaa vya umeme. Nikageuka. Beseni limekuwa dogo kama kifungo. Linatoshana kabisa na jua la angani!

Kisha nikaishika ile punje ya ulezi kwa koleo la nyusi, sentimita kumi na tisa mbele ya jicho. Beseni likatoweka. Limebaki uzi mwekundu tu pembeni. Jua limepatwa, mchana kweupe, mbele ya duka la umeme, kwa punje ya ulezi! Vinyweleo vikanisimama. Katikati pote hapo hakuna kitu ila barabara tupu. Nilisimama mpaka muuza duka akauliza kama nimeona deni au jini.

Mama akapaza sauti kutoka bombani: kama nimemaliza na jua, nilirudishe, ana mashuka ya kuloweka.

Jumatano, 7 Mei
Mawingu asubuhi. Yalitawanyika saa nne.

Nimeomba ruhusa ya nusu siku, sababu "meno". Nimegawa sayari. Utaridi na Zuhura kwa majirani. Dunia kwenye kisahani nje ya duka la umeme. Mirihi, punje ya mtama, juu ya nguzo. Mshtarii ni chungwa, mita mia tatu themanini na tisa: kwa Kinyozi. Kalipokea kwa mikono miwili, kisha akawaambia wateja wake kwamba Bi Faili kaishiwa karatasi, sasa anafaili matunda. Wakacheka hadi mmoja akakatwa sikio. Stahili yake.

Zohali ni limau lenye duara la boksi, mita mia saba na kumi na saba: dirisha la posta. Uranusi, gololi, kwa fundi viatu. Imebaki Neptuni, gololi nyingine, mita elfu mbili mia mbili na hamsini. Natembea, nahesabu, jua utosini, viatu vinauma. Hatua ya mwisho imenifikisha wapi? Mlangoni kwa Wifi! Sikuamini. Nikarudi hadi kwa fundi viatu na kuhesabu upya. Mlangoni kwa Wifi! Ulimwengu mzima huu, na mwisho wake ni pazia la huyu mwanamke!

Nikabisha. Nikasema aniwekee gololi dirishani, nisimweleze sababu. Hakuuliza. Kaiweka juu ya kijaluba, akaipangusa kwa pindo la nguo. Halafu kaniuliza meno yanaendeleaje.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua ya rasharasha alfajiri. Barabara imeteleza hadi saa tatu.

Siku ya misiba. Nimekagua sayari kabla ya kazi. Dunia haipo! Kuku wa muuza duka kaimeza. Nimemtazama kuku yule usoni. Hana hata dalili ya majuto. Mirihi imechukuliwa na sisimizi. Kinyozi kala Mshtarii! Sayari kubwa kuliko zote, na mbegu zake kazitema kwenye ndoo ya nywele. Alidhani ni shukrani, kasema, na chungwa lenyewe lilikuwa kavu. Iliyosalimika na kung'aa ni Neptuni peke yake, kule kwa Wifi. Hilo limeniuma kuliko la kuku.

Nikaenda kwa Mkuu na daftari la vipimo. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema hesabu ni safi, ila wazazi hawatatembea zaidi ya kilomita mbili kutazama gololi. Niwaonyeshe kitu uwanjani pale pale. La sivyo, stoo walishaanza kuniulizia.

Walishaanza kuniulizia!

Ijumaa, 9 Mei
Anga safi. Baridi kidogo.

Nimeokoka! Kalenda ya ukutani masjala inasema Jumatatu mwezi ni mpevu. Nimelaza ubao mezani. Nimepanga beseni, njegere mpya na punje ya ulezi, nikavuta uzi juu yake. Mwezi mpevu, jua liko upande huu, mwezi upande ule, na dunia katikati. Mstari umenyooka kama reli. Basi kivuli cha dunia kinakwenda wapi kama si juu ya mwezi? Jumatatu jioni mwezi utapatwa! Sikuhitaji kitabu. Uzi haudanganyi.

Nikaandika tangazo: mwezi utachomoza saa kumi na mbili na nusu ukiwa umeliwa. Nikapiga mhuri wa masjala. Nakala mia mbili na kumi na mbili, zimekwenda kwa kila mzazi. Mkuu kaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha uzi.

Jumamosi, 10 Mei
Joto. Hakuna upepo.

Wifi kaja nyumbani mchana, kashika tangazo langu. Akaniuliza taratibu: kama kila mwezi mpevu hupatwa, mbona mwezi uliopita haukupatwa? Nikajibu papo hapo kwamba kulikuwa na mawingu. Na mwezi wa kabla yake? Nikasema nilikuwa nimelala.

Akatazama ubao wangu, akachukua sinia la Mama na kuliinamisha hivi, ukingo mmoja juu ya kikombe. Akaanza, "Tazama, wifi, hapa ndipo..." Nikafunika ubao kwa kitambaa. Fundi wa maabara haingii kwangu Jumamosi, saa saba ya jua, kwa ajili ya sinia! Anataka hesabu zangu. Nikamwambia Mama anamhitaji jikoni. Mama akashangaa kwamba anamhitaji mtu. Wakakaa huko saa moja na nusu, wakicheka.

Jumapili, 11 Mei
Mawingu ya kutisha asubuhi, yakaisha.

Nimepiga pasi sketi. Nimefanya mazoezi ya kunyoosha kidole angani mbele ya kioo. Mama kasema anayenyoosha kidole kwa mwezi avae mikono mirefu, kwapa limeachia mshono. Nimeshona.

Jumatatu, 12 Mei
Anga jeupe siku nzima. Hakuna wingu hata la kuazima.



Uwanja umejaa. Wazazi, walimu, hadi Kinyozi na mkasi mfukoni. Darubini kwenye miguu yake mitatu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane nikanyoosha kidole juu ya paa la bweni. Mwezi ukatokeza.

Mzima! Mviringo! Mnono kama mwana wa tajiri! Hakuna hata alama ya jino!

Nikawaambia wasubiri. Wakasubiri. Ukapanda juu ya paa, ukapita antena, mweupe unawaka. Kidole kimekufa ganzi, nikabadilisha mkono. Kinyozi akauliza kwa sauti kwamba huyu mgonjwa wangu mbona ana afya kuliko sisi. Wakaangua kicheko. Mzazi mmoja akasema kaacha mtoto mgonjwa nyumbani aje kuona mwezi ule ule uliopo kwake. Nikamtazama Mkuu. Anatazama chini. Nikaona magunia. Nikasikia panya.

Hapo Wifi akatoka kwenye kundi, sinia la Mama mkononi. La Mama! Kumbe Jumamosi aliondoka nalo! Akabana njegere kwa kidole katikati ya sinia, akaliinamisha kwenye ukingo wa meza, nusu juu, nusu chini, punje ya ulezi ukingoni. Akasema njia ya mwezi haikulala sawa na yetu, imeinama kidogo, nyuzi tano. Kwa hiyo mara nyingi mwezi mpevu unapita juu ya kivuli cha dunia au chini yake. Hupatwa mara chache tu, pale mwezi mpevu unapoangukia mahali sinia linapokata usawa wa meza. "Leo umetupita kwa juu," akasema. "Kwa vipimo vya wifi yangu, punje imekikosa kivuli kwa sentimita moja tu na kidogo." Halafu akawaambia kwamba wifi yake kapima njia yote ya jua hadi Neptuni kwa miguu, mji mzima, na ukitaka kuona mwisho wake uko dirishani kwake.

Wakapiga makofi. Wakapanga foleni kwenye darubini. Yule mzazi wa mtoto mgonjwa alitazama mabonde ya mwezi hadi wakamvuta kwa mkoba.

Mimi nilikaa nyuma ya bweni. Sentimita moja na kidogo! Na Jumamosi alikuwa nayo mkononi, nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu!

Jumanne, 13 Mei
Ukungu asubuhi, kisha jua.

Mkuu kaniita saa mbili na robo. Chai ileile. Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu kwenye boksi. Akasema ufunguo alimpa Wifi jana palepale, na Wifi kaukataa. Kasema maabara inamtosha, na darubini inataka mtu asiyechoka kupima. Kanitaja mimi! Nilishika meza.

Ufunguo ninao. Unatoboa mfuko. Chumba kina madirisha mawili, na leo alasiri nimefagia mara tatu. Mkuu katoa sharti moja tu: tangazo lolote la anga lisitoke kabla Wifi hajalisoma na kulitia saini. Wifi kanikumbatia kwenye ngazi. Nikamkumbatia pia, nikaingia chumbani na kufunga mlango. Macho yaliniwasha. Ni vumbi.

Jioni nimelaza ubao mezani, nikavuta uzi. Kitabu cha maktaba kinasema Oktoba Zuhura itapita kati yetu na jua. Kati yetu na jua! Beseni, njegere, njegere. Mstari umenyooka kama reli. Basi Oktoba watu wote wataona doa jeusi likikatiza uso wa jua, mchana, hakuna haja ya kungoja mwezi. Wifi alisema kilichoinama ni njia ya mwezi. Ya Zuhura hakuitaja hata kwa neno moja. Nilisikiliza vizuri.

Tangazo limekamilika. Nakala mia tatu safari hii. Nimeliweka la nne katika zile fomu za kuomba spiriti ya maabara, ambazo Wifi huzitia saini kila Ijumaa bila kuzisoma.

Nimezima taa saa nne na dakika hamsini na mbili. Usingizi umekuja saa tano na dakika saba.