Mstari wa Yaya Colette Umelala

Jumatatu, 2 Juni 2025
Likasi nzima iko na vichwa viwili tu vya fizikia. Kimoja changu. Cha pili cha dada yangu, yaya Colette, na mfuko wake ni minye ninaubeba. Shule niliacha mwaka wa tano. Wa sita ungenifundisha nini?

Jumamosi yaya anatetea kazi yake mbele ya maprofesa. Wa Lubumbashi wamemwazima kipande cha kioo, kidogo kama ukucha. Juu yake kuna waya nyembamba kupita unywele mara elfu. Sauti inapita juu ya kioo, inasukuma umeme ndani ya waya kama maji yanavyosukuma jani. Yeye anapima umeme unakwenda mbio gani. Leo amepima. Mstari kwenye kompyuta umelala bapa, umeme hauendi hata kidogo! Hénoc, mwenzake wa darasa, akaniangalia minye. Kwa nini minye?

Jumanne, 3 Juni
Mkosaji nimempata! Papy, mpiga ngoma wa kwaya, anapiga nyuma ya ukuta wa labo, pale yaya anapopimia. Sauti inaharibu sauti, hata mbuzi anajua. Nikaficha vijiti vyake. Akanikimbiza mpaka sokoni, akiniita mwizi wa vitu vya Mungu. Na yaya, hata merci! Eti sauti yake haisikiki kwa sikio, ngoma haiwezi kuigusa. Sauti gani haisikiki? Minye nikiimba, mtaa mzima unalalamika.

Alhamisi, 5 Juni
Matusi! Hénoc ameweka kioo chini ya mikroskopu. Kitupu. Waya hakuna hata moja. Akauliza nani alikigusa. Nikamjibu kwamba yeye anakohoa tangu Jumatatu, ajiulize mwenyewe. Akaniita petit, kama mtoto mdogo. Mbele ya yaya! Bukari yake, ugali wa jioni, yaya hakugusa.

Jumamosi, 7 Juni
Maprofesa wamemrudisha mpaka Oktoba, wakati waya mpya zitafika. Mbele yao hakulia. Alilia njiani, akaniuliza: weye mdogo wangu, kweli hujui kitu? Nikasema muulize Hénoc na kikohozi chake.

Bon, basi niseme. Jumapili iliyopita nilifungua boksi lake. Kioo kilikuwa na ukungu wa kijivu, uchafu mtupu. Yaya wangu aende mbele ya maprofesa na kitu kichafu vile? Nikatia mate kidogo, nikapangusa na shati mpaka kikang'aa.

Ule uchafu ndio zilikuwa waya.

Lakini nani aliwatuma watengeneze sayansi inayofanana na vumbi?