Gia za Kumkomesha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji karudisha pikipiki. Tangi kavu. Vioo kavigeuza kufuata urefu wake. Mimi nikikaa naona mawingu tu. Anasema "pikipiki yetu" inavuta vizuri siku hizi. Yetu! Pikipiki nyekundu, ya mbio, ya kulalia tangi. Nimeililia miaka, na yeye hata kuifuta vumbi hajui.

Nimemwambia mke wangu sasa basi. Kanijibu ana kaka mmoja tu duniani, na mimi nina miguu miwili. Mama mkwe yuko hapa kwetu mwezi mzima. Kumnyima shemeji ufunguo ni kugombana na nyumba nzima. Dawa yake iwe ya kimyakimya.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata!

Dukani (nauza vigae) kaja mteja mmoja anayeshiriki mashindano ya pikipiki. Yeye anachagua vigae vya bafuni, mimi namchimba maswali. Kumbe wenzake wengi wa mbio hugeuza gia. Sisi wengine tunakanyaga pedeli kupata gia ya kwanza, halafu tunainua kwa ncha ya kiatu kupata ya pili, ya tatu na kuendelea. Wao kinyume. Ya kwanza wanainua, zilizobaki zote wanakanyaga. Asiyezoea akipanda, kasema, anapotea kabisa.

Anapotea kabisa! Nimembebea vigae vyake mwenyewe mpaka kwenye gari.

Sitamnyima shemeji ufunguo. Nitampa, tena kwa tabasamu. Mashine yenyewe ndiyo itamkataa.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi. Kauliza kwa nini nataka gia zigeuzwe. Nikamjibu: kona. Ukiilaza pikipiki kwenye kona kali, mguu haupati nafasi ya kuingia chini ya pedeli na kuinua. Kauliza kona ipi hiyo. Kusema kweli, kati ya nyumbani na dukani kuna kona moja, pale kwa muuza mikate, nami huipita kwa breki. Nikajifanya natazama matairi.

Kazi yenyewe ndogo mpaka imeniudhi. Kafungua bolti moja, kachomoa kikono kinachounganisha pedeli na gia, kilichokuwa kinatazama juu kikatazama chini, kakaza. Basi. Kanishauri nibandike karatasi kwenye tangi ya kunikumbusha, maana mguu una akili zake. Nimekataa. Karatasi si itamkumbusha na shemeji?

Safari ya kurudi: mbaya. Kwenye taa nikakanyaga kutafuta ya kwanza, ikaingia ya pili, injini ikazima. Nikawasha. Ikazima. Gari la nyuma likanipigia honi mpaka taa ikarudi nyekundu. Mbele kidogo, niko gia ya tatu, nataka ya nne. Nikainua. Ikashuka ya pili! Gurudumu la nyuma likapiga yowe, kidevu kikagonga tangi.

Ugeni tu. Utapita.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi uwani nyuma ya duka, saa ya chakula. Inua moja, kanyaga zilizobaki. Inua moja, kanyaga zilizobaki. Mama wa stoo kauliza kama nasali. Nikasema ndiyo.

Usiku mguu uliendelea wenyewe. Nilikanyaga gia zote usingizini, na mke wangu ndiye aliyekuwa pedeli. Naandika haya nikiwa kwenye kochi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yenyewe! Shemeji kaja mapema. Nimemkabidhi ufunguo kabla hajaomba. Mke wangu kanishika bega, kaniambia nina moyo mzuri. Nikachukua kikombe cha chai, nikasimama dirishani.

Kawasha. Kakanyaga. Ikazima. Nikanywa funda moja. Kawasha tena. Ikazima. Chai haijawahi kuwa tamu namna hii.

Kisha kafanya nisilolitarajia. Kashuka, kachuchumaa, katazama pedeli, kacheka. Kapanda. Kainua mguu kidogo tu, na huyo, kaondoka kama maji.

Alirudi jioni uso unang'aa. "Shemeji, umeniwahi! Nilikuwa naogopa tu kukuomba tuzigeuze." Eti gia zimekuwa laini, eti kona sasa ni raha. Kamwambia dada yake kwamba kaolewa na mtu anayejua mambo. Kisha kaomba ufunguo wa Jumapili pia.

Nimesema sawa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamua gia zirudishwe. Fundi kafunga, kaenda harusini. Basi nikaenda kazini nazo hivyo hivyo.

Kurudi, mama mkwe kasimama getini na beseni la nguo anazotaka kuanika. Ikabidi nipunguze mwendo kwa adabu. Nikakanyaga nishushe gia. Ikapanda! Nikakanyaga tena. Ikapanda tena! Nikabana breki zote, klachi nikaisahau, injini ikazima, na pikipiki ikaanza kulala ubavuni. Polepole kabisa. Nilipata nafasi ya kumwamkia mama mkwe tukiwa njiani kwenda chini.

Mguu wa kushoto ukabaki chini yake. Shemeji katoka mbio ndani, kainyanyua peke yake. Mama mkwe hakupaza sauti. "Mwanangu, kama huijui, mwachie anayeijua."

Nesi kafunga bendeji. Hakuna kilichovunjika, ila nisipande mpaka uvimbe uishe. Shemeji kajitolea kuitunza pikipiki, isije ikaharibika kwa kukaa tu. Nyumba nzima imemshukuru.

Jumapili, 9 Machi

Mguu juu ya stuli. Shemeji kaondoka nayo. Nimesikiliza mpaka mwisho wa barabara: ya pili, ya tatu, ya nne, bila kukwaruza hata moja.

Sina hasira. Nimekaa, nimefikiri, na kosa nimeliona. Nilianza na miguu. Mguu wa kila mtu una akili zake, ndiyo maana alinishinda. Lakini mikono! Klachi iko kushoto, breki iko kulia. Nani kaamua? Zikibadilishana nafasi, hatafika getini.

Nimempigia fundi. Kauliza kama niligonga kichwa. Nimemwambia kichwa kizima, aje na spana.

Mimi mwenyewe nitazoea kwa siku moja. Aliyeniangusha ni mguu. Mikono yangu naiamini.