Moto wa Mzee Moshi

Redio, mpasha habari wa kijiji, aligonga meza ya chai kwa simu yake mpaka kashata za karanga zikaruka.

"Sikieni! Mashindano yetu ya kupika wali yameshakuwa urithi wa taifa. Cheti kimeandikwa kabisa: mwenye mali ni jamii."

"Jamii ndiyo nani?" akauliza Bi Nhạn, muuza chai.

"Sisi, bibi wee! Ila mwaka huu moto watawasha wasanii kutoka mjini. Sisi tumetengewa viti."

Mzee Khoát, ambaye kijiji kizima kinamwita Moshi, akaliweka chini bomba lake la tumbako. Miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyepekecha mianzi mbele ya nyumba ya mizimu ya kijiji, moto ukatoka, vyungu vikainjikwa. Leo apewe kiti! Ilimuuma, tena vibaya.

"Kwa hiyo hata nikifa watamleta msanii alale kwenye jeneza?"

"Na wewe utatengewa kiti," Redio akachochea. "Cha nyuma. Mbele wanakaa wafadhili."

"Waache wapekeche," akasema Bi Nhạn. "Moto wenyewe tunajua unakotoka."

Wote wakakitazama kiberiti cha gesi kilichoning'inia kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda. Kila mwaka asubuhi ya sherehe kamba ile hukatwa, na kila mwaka mkono wa joho la Moshi huwa mzito kidogo.

"Shikeni adabu!" Moshi akafoka, masikio yamemwiva. "Mianzi ina unyevu."

"Tangu mwaka ule wa mafuriko?" akauliza Redio.

"Haijakauka!"

Walikuwa bado wanacheka alipotokea ofisa utamaduni, shati limelowa jasho.

"Shikamoo, mama. Naomba kiberiti. Wale wasanii wanafanya mazoezi tangu alfajiri, viganja vimechubuka, hata cheche hakuna."

Bi Nhạn akakata kamba haraka, akakificha kiberiti kifuani.

"Hakitoki. Hiki ni urithi."

"Urithi wa nani?"

"Wa jamii. Si mmeandika wenyewe?"

"Sasa hiyo jamii naipata wapi, mama yangu?"

Redio akaelekeza kidevu kwa Moshi. Moshi akanywa chai yake mpaka tone la mwisho, akafuta midomo, akanyoosha kiganja kwa Bi Nhạn bila kumtazama. Kiberiti kikahama.

"Nakuja, mwanangu. Ila wale wasanii wako watoke pale katikati."

"Nitawaweka wapi sasa, mzee?"

"Si mmeleta viti?"