Redio Bubu na Salamu za Nyachilombo

Jumatano, 3 Agosti 2011
Mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke Cazombo. Angola kuna amani. Hapa Meheba, kambi ya wakimbizi upande wa Zambia, redio yangu imekata kauli. Betri nne, zote maiti! Na Jumapili redioni husomwa salamu za waliobaki nyumbani. Dereva mmoja ameniapia kwamba dada yangu Nyachilombo, niliyedhani alifia vitani, ametuma zake. Dukani betri zimekwisha. Nimezianika zangu juu ya bati, kando ya muhogo. Jua huzifufua.

Alhamisi, 4 Agosti
Zilifufuka. Redio ikasema "Habari za asu—" ikazima. Jirani yangu Sakaumba akacheka ng'ambo ya ua. Ana betri ya lori la mgodini, huwachajia watu simu na kusikilizia redio. Akasema, Mwalimu, njoo kwangu Jumapili, kiti kipo. Nikamjibu sina shida. Nikae kwenye kiti cha mtu anayeniita Profesa Makopo? Thubutu!

Ijumaa, 5 Agosti
Nimezichemsha kwa chumvi. Nilisoma mahali. Zikavimba, zikatema uji mweusi ndani ya sufuria ya ugali. Mke wangu, Nyakatoma, akauliza kama leo tunakula lami. Kisha akauchota ule weusi, akapaka ukuta kwa chini, kama tulivyopaka ubao shuleni. Ukuta umependeza. Redio bubu.

Jumamosi, 6 Agosti
Sakaumba kaenda msibani. Nikapitisha nyaya chini ya ua hadi kwenye betri yake. Ya kwake volti kumi na mbili, redio yangu hula sita. Nilijua. Nilidhani itakula inachohitaji na kubakiza kingine, kama mtu mstaarabu. Moshi! Harufu ya nywele zinazoungua.

Jumapili, 7 Agosti
Saa ya salamu ilinikuta ndani, redio iliyoungua mapajani. Ya Sakaumba ikasoma majina kwa sauti kubwa. Nikaziba masikio, asije akasema nimesikiliza vya bure. Mara huyo mlangoni, anahema: "Mwalimu! Dada yako! Kasema nyumba ya baba ingali imesimama. Kasema, Kasumbi, rudi kabla sijafa."
Kasumbi ni kuku kwa lugha yetu. Nyachilombo aliniita hivyo utotoni, kwa jinsi nilivyokimbia radi. Upande huu wa mpaka hakuna anayelijua jina hilo, hata mke wangu.

Jumatatu, 8 Agosti
Sikulala. Sakaumba kalijuaje jina? Bila shaka nalitamka usingizini, naye husikia. Anataka nihame, achukue kiwanja aweke betri ya pili. Nimemgundua! Nyakatoma amefunga virago. Malori ya kurudisha watu Angola yanaondoka kesho. Amelia, kisha akasema kuku ni kuku, hata akiitwa kwa punje hukimbia. Nikamwambia afungue virago, anipe ndimu na misumari. Nimesoma kwamba hutoa umeme. Salamu nitazisikia kwa redio yangu.
Cazombo sirudi.